Abbas bin Firnas: Mzee wa Qurtuba Aliyejivika Mbawa

Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wapenzi, na wazazi mnaosoma pamoja na watoto wenu nyumbani: ukurasa huu ni wa maisha ya watu mashuhuri waliotangulia. Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakuwa imamu wa madhehebu, wala mpokezi wa hadithi, wala jemadari. Alikuwa mshairi na fundi, na zaidi ya yote alikuwa mtu asiyechoka kuuliza. Tumemchagua yeye kwa sababu ya maswali ya wanafunzi wetu wadogo, ambao tuliwatoa darasani siku moja wakaangalie viumbe wanaoruka katika mbuga na mashamba ya huku kwetu Pito. Maswali yao yalikuwa mengi, na mojawapo lilikuwa hili: je, yupo Mwislamu aliyewahi kujaribu kuruka? Jawabu ni kwamba yupo, na habari zake ni hizi.

Jina lake kamili ni Abul-Qasim Abbas bin Firnas. Alizaliwa mnamo mwaka 810 Miladia, sawa na mwaka 194 Hijria hivi, katika upande wa Ronda, nchi ya milima kusini mwa Andalus. Andalus ni jina ambalo Waislamu waliipa nchi ya Hispania na Ureno walipoitawala. Kwa asili Ibn Firnas alikuwa Mberiberi, yaani wa kabila za Afrika ya Kaskazini. Huenda baadhi yetu tukadhani kuwa kila mtaalamu aliyeandika kwa Kiarabu alikuwa Mwarabu, na hili si kweli.

Alihamia Qurtuba, mji unaoitwa Cordoba hivi leo, na huko ndiko alikoishi umri wake wote. Qurtuba ilikuwa kando ya mto mkubwa ambao Waarabu waliuita Wadi al-Kabir, na mpaka leo Wahispania wanauita Guadalquivir, ni jina lile lile limebadilika ulimini tu. Ulikuwepo msikiti mkuu uliojengwa na Abdurrahman wa Kwanza katika miaka ya 780, masoko ya vitabu, mabustani na mafundi wa kila aina. Ibn Firnas aliwaona maamiri watatu wa Banu Umayya mmoja baada ya mwingine: al-Hakam wa Kwanza, Abdurrahman wa Pili aliyetawala kuanzia 822 hadi 852, na Muhammad wa Kwanza aliyetawala hadi 886. Alikuwa na nafasi katika baraza zao kwa sababu ya ushairi wake.

Hapa pana jambo ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua. Elimu ya mizani za mashairi ya Kiarabu, iitwayo arudhi, iliasisiwa na al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa asili ya Oman, nchi ambayo ina udugu mkubwa na pwani yetu. Kitabu cha elimu hiyo kilipofika Andalus, watu walikifungua wakakifunga, maana hawakuona mlango wa kuingilia. Inasimuliwa kwamba Ibn Firnas ndiye aliyekaa nacho mpaka akakifumbua, kisha akawafundisha wenzake. Kwa hiyo kabla hajasifiwa kwa mbawa, alisifiwa kwa kusoma kitabu kigumu.

Kutoka hapo mikono yake haikutulia. Alitafuta njia ya kutengeneza kioo kutokana na mawe. Alijua kukata na kuchonga yale mawe meupe maangavu ambayo kwa Kiarabu huitwa billaur, na Waswahili tumelichukua neno hilo tukaita bilauri. Zamani Andalus ililazimika kuyapeleka mawe hayo Misri yakachongwe huko. Baada yake kazi ikafanyika nyumbani. Alitengeneza saa ya maji kwa ajili ya kujua nyakati, hasa pale jua na nyota zisipoonekana, na madrasa yoyote inajua umuhimu wa jambo hilo kwa sala. Alitengeneza pia chombo cha duara zilizopishana, ambacho Waarabu wanakiita dhatul-halaq, cha kuonyesha mwenendo wa jua, mwezi na nyota.

Lakini kilichowashangaza watu zaidi kilikuwa ndani ya nyumba yake. Aliitengeneza sehemu moja ya nyumba ikawa mfano wa mbingu. Mgeni akiingia alionyeshwa nyota na mawingu, na kwa ufundi wake aliona umeme ukipiga na kusikia radi ikinguruma, huku nje jua linawaka. Wengine walitoka wakicheka kwa furaha. Wengine walitoka na shaka.

Na shaka hiyo ilimfikisha mahali pabaya. Alituhumiwa uchawi na uzandiki, yaani kujificha ndani ya dini hali ya kuwa huiamini. Tuhuma hii haikuwa ya mchezo, kwa sababu mtu angeweza kupoteza uhai kwayo. Alifikishwa mbele ya kadhi wa Qurtuba, Sulayman bin Aswad, na watu wakaja kutoa ushahidi. Inasimuliwa kwamba shahidi mmoja alidai amemsikia akinong'ona maneno yasiyoeleweka, mafail, mafail, akayadhania kuwa ni maneno ya kuita majini. Wanafunzi wetu wa Kiarabu wa darasa la juu watakuwa wameshacheka. Hayo ni maneno ya kupimia mizani ya shairi! Maskini yule alikuwa akihesabu vipande vya beti zake kama afanyavyo mshairi yeyote. Kadhi akashauriana na mafakihi, wakaona hakuna hoja ya kumhukumu, akaachiwa huru.

Tumekaa kidogo katika kisa hiki kwa makusudi. Jambo la kumwita mtu mchawi kwa sababu anafanya jambo ambalo jirani yake hajalielewa bado tunaliona, na sisi watu wa Rukwa tunajua jinsi neno hilo linavyorushwa ovyo, na jinsi mzee wa watu anavyoweza kupata madhara kwalo. Kadhi Sulayman hakutazama wingi wa kelele, alitazama ushahidi.

Sasa tuje kwenye mbawa.

Wakati huo Ibn Firnas alikuwa mtu mzima. Wengi wanakadiria kuwa ilikuwa mwaka 875 hivi, naye amepita miaka sitini na tano. Kinachosimuliwa ni kwamba alijivika manyoya ya ndege mwilini, akajifanyia mbawa mbili, akaruka kutoka mahali pa juu, akaenda hewani umbali mkubwa. Wengi hupataja Rusafa, pembeni mwa mji, penye bustani za watawala, kuwa ndipo ilipotokea. Wakati wa kutua alianguka vibaya, akaumia mgongo. Hakufa. Aliendelea kuishi mpaka mwaka 887, sawa na 274 Hijria.

Hayo ndiyo tunayoweza kuyasimulia. Mengine mliyoyasoma au kuyasikia yapimwe. Utakuta imeandikwa kwamba alikaa angani dakika kumi kamili. Nani aliyekuwa na saa mkononi? Utakuta pia kisa cha mtu aitwaye Armen Firman, ambaye eti aliruka mwaka 852 kutoka kwenye mnara akiwa amevaa joho kubwa, na Ibn Firnas akiwa miongoni mwa watazamaji. Wachunguzi wanaona kuwa huyo Firman ni Ibn Firnas yule yule, jina lake limepotoshwa katika ndimi za Ulaya mpaka akageuka kuwa watu wawili. Sisi tuliofundishwa kuuliza sanadi ya kila habari hatuna udhuru wa kubeba kila tunachokikuta.

Basi na tuiulize habari hii sanadi yake. Aliyeiandika kwa urefu ni al-Maqqari, mwanachuoni wa Tlemcen katika Algeria ya leo, katika kitabu chake kikubwa cha habari za Andalus, Nafh al-Tib. Al-Maqqari alifariki mwaka 1632. Kati yake na tukio pana zaidi ya miaka mia saba, na hilo ni pengo kubwa. Ni kweli alinakili kutoka katika vitabu vya zamani ambavyo vingi vimepotea, lakini kama tungekuwa na hicho tu, tungesema habari ina udhaifu.

Kinachoipa nguvu ni shahidi mwingine, naye ni adui. Qurtuba alikuwepo mshairi aliyeitwa Mumin bin Said, aliyeishi zama moja na Ibn Firnas, na wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Mumin aliidhihaki ile mbingu ya ndani ya nyumba, na aliidhihaki pia safari ya angani, akimlinganisha mwenzake na Anqa, yule ndege mkubwa wa hadithi, na kumtaja kuwa amejivika manyoya ya tai mzee. Kejeli ile ndiyo faida kwetu. Rafiki huweza kumzulia rafiki yake sifa, lakini mshindani hana sababu ya kumzulia mshindani wake kuruka. Kama jambo halikutokea, Mumin angelicheka nini, na watu wa Qurtuba wangelielewa nini? Kwa hiyo tunasema kwa utulivu kwamba Ibn Firnas alijaribu kweli, na ya kwamba alikwenda umbali fulani. Umbali gani, tusiongeze chumvi.

Na kwa nini alianguka? Al-Maqqari anatoa sababu, nayo ndiyo iliyotufurahisha kuliko yote. Anaeleza kuwa Ibn Firnas hakujua kuwa ndege anapotua hutegemea mkia wake, naye hakujifanyia mkia. Neno la Kiarabu alilolitumia ni zimikki, yaani shina la mkia wa ndege. Mzee yule alikuwa amewatazama ndege kwa makini wakiwa juu, akajua mbawa zikoje na manyoya yanalalaje. Wanapotua, hakuwatazama vya kutosha.

Siku ile tuliyowatoa wanafunzi tulifanya jambo hilo hilo alilolikosa. Pito iko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, na Sumbawanga yote ipo kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upepo wetu mnaujua, hautaki kubembelezwa. Kwa ndege wanaoelea bila kupiga mbawa, upepo wa namna hii ni neema. Tuliwaambia watoto wasitazame ndege akiwa juu tu, kila mmoja achague ndege wake na asimwachie mpaka atue. Wengi walichagua kunguru, kwa sababu hana haya na watu. Wachache walimpata mwewe. Baada ya muda kelele zilianza: mkia, mkia, anaufungua kama upepeo! Ndivyo ilivyo. Ndege anapokaribia kutua hunyanyua kifua, mbawa zikasimama kama kiganja kinachozuia upepo, na mkia hutanuka na kuinama. Hapo mwendo unapungua, lakini mwili haudondoki ghafla. Miguu hugusa mwisho. Asiye na mkia hana budi kuchagua kati ya kufika kwa kasi na kuanguka kama gunia.

Aya za Qur'ani katika Suratun-Nahl na Suratul-Mulk zinatuelekeza kuwatazama ndege huko angani, jinsi wanavyokunjua mbawa na kuzikunja. Wanafunzi wa hifdhi wanazijua. Kuzisoma huku umekaa uwanjani na ndege yuko juu ya kichwa chako kuna ladha nyingine.

Mtoto anayetaka kujaribu suala la mkia hahitaji kupanda popote. Achukue karatasi ya daftari, atengeneze ndege ya karatasi, airushe. Kisha ncha za nyuma za mbawa azikunje kidogo kuelekea juu, airushe tena. Ile iliyokuwa ikichomeka pua chini itanyanyua pua na kuelea. Akizikunja kupita kiasi itapanda, itasimama hewani, halafu itaanguka kinyumenyume. Mkunjo ule mdogo wa nyuma unafanya kazi ya mkia, na hiyo ndiyo iliyomkosesha mzee wetu mgongo mzima.

Swali jingine walilouliza ni kwa nini hakupiga mbawa kama njiwa. Mwanadamu hana uwezo huo. Misuli ya kifua ya njiwa pekee hufikia sehemu moja ya tano ya uzito wake, hata zaidi, na mifupa yake mingi ina uwazi ndani. Sisi nguvu zetu ziko mapajani, na mifupa yetu ni mizito. Ibn Firnas hakuweza kupanda, aliweza kuelea tu na kushuka polepole, kama jani. Popo ana mpango wake tofauti: bawa lake ni ngozi iliyovutwa juu ya vidole virefu. Kumbikumbi ndiye aliyewachekesha watoto, kwani hupewa mbawa nne kwa safari moja ya baada ya mvua, kisha huziangusha mwenyewe chini. Na kuhusu nzige, sisi wa Rukwa tuna la kusema zaidi ya wengine, maana nyanda za Ziwa Rukwa, huko chini ya milima yetu, ni mojawapo ya sehemu chache za Afrika anakozaliana nzige mwekundu. Baa la mwaka 1930 hadi 1944 lilikula mashamba ya karibu nusu ya bara, na mwaka 1949 ikawekwa huduma ya kimataifa ya kupambana naye hapo Abercorn, mji wa Zambia uitwao Mbala sasa, jirani zetu. Kwa hiyo kumjua kiumbe anarukaje kumewahi kuwa jambo la njaa na shibe katika nchi hii.

Turudi kwa mzee wetu na waliomfuata. Wanafunzi wanaotumia kamusi ya Kiarabu iitwayo al-Sihah wajue kuwa mwandishi wake, al-Jawhari, naye alijaribu. Ilikuwa katika mji wa Nishapur, Uajemi, kwenye mwanzo wa miaka ya 1000 Miladia. Inasimuliwa kuwa alijifunga mbawa za mbao, akapanda juu ya dari ya msikiti, akawaita watu, akaruka. Alianguka akafa papo hapo. Rahimahullah. Tunaisimulia habari hii makusudi kwa vijana wetu wanaopenda kupanda mapaa na miembe wakiwa na mwavuli mkononi. Mwenye elimu ya lugha yote ile hakusalimika, seuze sisi.

Karibu na wakati huo huo, huko Uingereza, mtawa wa Kikristo aliyeitwa Eilmer wa Malmesbury aliruka kutoka kwenye mnara wa nyumba ya watawa. Alivunjika miguu, akapona, akabaki kiwete. Na ajabu ni kwamba yeye pia alisema kosa lake lilikuwa kutojiwekea mkia. Watu wawili wa nchi mbili, wa dini mbili, wakaangushwa na kitu kimoja.

Kisha zikapita karne nyingi. Mjerumani Otto Lilienthal aliwachunguza korongo kwa miaka, akaandika kitabu mwaka 1889, na kuanzia 1891 akaruka mara zipatazo elfu mbili kwa mbawa zake, zenye mkia, mpaka alipoanguka na kufa mwaka 1896. Korongo wa namna hiyo, weupe wenye mbawa nyeusi, wanaoondoka Ulaya ya Mashariki wakati wa baridi, hupita Afrika ya Mashariki kila mwaka, na mtoto wa huku anaweza kuwatazama bila kulipa nauli. Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, wakaruka kwa chombo chenye injini. Safari ya kwanza ilikuwa sekunde 12 na mita 36 hivi. Kuna wanaotaka tuseme kuwa ndege za leo zimetokana moja kwa moja na Ibn Firnas. Hatusemi hivyo, kwa kuwa hakuna mnyororo unaomuunganisha yeye na ndugu Wright. Tunachosema ni kuwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, Mwislamu mmoja mwenye mvi aliweka mwili wake rehani kwa jambo aliloliona kwa macho yake kuwa linawezekana, na kwamba mji wake ulimpa kadhi aliyemlinda.

Kumbukumbu zake zipo. Huko Baghdad ilisimamishwa sanamu yake mwaka 1973 kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege, na uwanja mwingine kaskazini mwa mji huo ulipewa jina lake. Qurtuba yenyewe, baada ya zaidi ya miaka 1,100, ilifungua mwaka 2011 daraja juu ya Guadalquivir lenye jina lake, na matao yake yamejengwa kwa sura ya mbawa. Na mwaka 1976 wanaastronomia wa dunia waliliita kwa jina lake shimo kubwa lililoko mwezini, lenye upana wa kilomita 89 hivi. Watoto walituomba tuwaonyeshe. Haiwezekani, kwa sababu liko upande wa nyuma wa mwezi, ule usioielekea dunia kabisa, hata usiku wa mwezi mpevu na mbingu ya Ufipa ikiwa safi.